Empaako ya Mgomba

Kaliisa amefunga duka lake la fotokopi,
mlango wa bati ameuteremsha hadi magotini,
nasi tumejibana kwenye meza ya kukatia karatasi.
Ramani ni mgongo wa kalenda ya SACCO, ya mwaka juzi.
Majini ni vizibo vya soda.
Dado ya pande ishirini, moja tu Fort Portal nzima
(ndivyo anavyodai mwenyewe),
imelala kikombeni kama jino la mtoto.

Masereka ana upanga. Nyakaisiki ana mishale.
Mimi ni mganga wa mimea, nina majani.
Wanacheka: majani!

Haya, wasikie.

Tego la Kunasa halishiki juu ya saruji.
Lataka udongo.
Naweka kiganja chini, nataja jina,
na sangari iliyokanyagwa tangu asubuhi
inakumbuka kila kisigino.
Adui atupe dado; nguvu zikimpungukia
atakaa hapo hapo, soksi zimejaa mizizi.

Gome la Mvule: mshale unagota, haupenyi,
ila akili isihame. Nikishtuka,
gome lapukutika, nabaki na ngozi yangu hii.

Tunda la Heri: ntuntunu kumi, kila moja shibe ya siku.
Huwezi kuziweka akiba. Kesho ni maganda.

Kitabu kilitaka mwaloni.
Nani kati yetu amewahi kuugusa mwaloni?
Kaliisa akachukua kalamu nyekundu, akafuta,
akaandika pembeni kwa mwandiko wake wa risiti:
*mti usiowahi kuushika hautakusikia.*

Nami nimeshika.
Mchana mimi ni wa wilaya, idara ya kilimo.
Leo, huko Kasenda, nimekata migomba mia na arobaini
ya Bi Kabatalya. Mnyauko.
Ukilipasua shina, utomvu wa manjano unachuruzika polepole,
na panga unaliosha kwa Jik, shina hadi shina,
usije ukawa wewe ndiye unayeueneza.
Hakulia. Aliuliza tu, "Nile nini, mpaka lini?"
Nilikuwa na fomu. Nikampa asaini.

"Zamu yako," anasema Kaliisa.
Darajani wamesimama vizibo kumi na kimoja.
Nimebakiwa na nafasi mbili za daraja la tatu.
Masereka ananong'ona: miiba, wamwagie miiba!

Nasema: nataka kuongea na mgomba.
"Upi?"
Huo wa kando ya njia, kabla ya daraja.
Anaguna, anachora duara dogo la kijani.
"Haya. Unausikia. Unauliza nini?"

Mtu hulianzi neno bila salamu.
Nauliza: *Empaako yako nani?*

Kaliisa anafunua kurasa.
Anarudi nyuma, anafunua tena.
Mkono wake unaenda kikombeni, unaishika dado,
unaiacha.
Mvua imeanza kugonga bati,
na kwa sauti nyembamba, ya jani lililochanwa na upepo,
anajibu: "Adyeri."

Hakuna aliyecheka.

Adyeri, mimi Akiiki. Nimekuja kustawisha.
"Hiyo haimpigi mtu," Kaliisa ananikumbusha.
Najua.
Haina dado, haina jeraha;
nusu maili kila upande,
ardhi izae maradufu mwaka mzima,
na mganga apige magoti kwa muda wa saa nane
asiinuke.
"Saa nane!" Masereka anapiga meza, vizibo vinaruka.
"Na hawa watangoja? Wana mikuki, dada, si fomu!"

Hajui alichosema.

Ni Nyakaisiki aliyesogeza kizibo chake kwanza,
cha Mirinda, kilichopinda ukingo,
akakiweka mbele ya duara la kijani.
Masereka akasonya. Akatazama mvua chini ya mlango.
Kisha upanga wake nao ukaja, kwa kinyongo,
ukasimama kando.

"Saa ya kwanza," akasema Kaliisa.

Nikaweka kiganja juu ya kalenda, penye Machi.
Kilinuka Jik.